Waya wa alteneta umeungua mara mbili kwenye Land Rover ya marehemu baba: ninunue alteneta kubwa zaidi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Land Rover Series III 109 ya mwaka 1978, ya petroli, niliyoachiwa na marehemu baba. Miezi mitatu iliyopita plagi ya nyuma ya alteneta iliyeyuka, na waya wa kahawia ukawa mweusi kama vidole vinne kutoka kwenye plagi. Kabla ya hapo taa nyekundu ya chaji ilikuwa inawaka kwa mbali sana, hata mchana huioni. Fundi wa hapa Himo, Kilimanjaro, akasema alteneta za Lucas, kama ile iliyokuwa kwenye gari, zimepitwa na wakati. Akafunga alteneta ya Toyota ya ampea 60 na kuvuta waya mpya, ule wa soketi za nyumbani. Tangu hapo gari likikaa siku mbili tu betri inalala. Wiki jana tuliliwasha kwa betri ya jirani, tukapandisha Marangu jioni taa zikiwaka, moshi ukatoka chini ya boneti. Waya mpya umelainika kuanzia mwanzo hadi mwisho na umegandana na waya za jirani. Sasa fundi anasema alteneta nayo imekufa, ninunue ya ampea 80. Ninunue?

JIBU: Usinunue, kaka. Ukifunga ya ampea 80 juu ya waya wa namna hiyo utakuwa umeongeza kuni jikoni, na safari hii huenda usibaki na gari la kuniulizia.

Umenirahisishia kazi kwa kutaja jambo ambalo watu wengi hawalitaji: waya uliungulia wapi. Mara ya kwanza ni vidole vinne kando ya plagi, kwingine kote uzima. Mara ya pili ni waya wote. Hayo ni maradhi mawili yasiyohusiana, na fundi wako ameyapa dawa moja. Mimi nikiletewa gari lililoungua waya, kitu cha kwanza ninachokataza ni mtu kukata na kutupa. Kile kipande cheusi ndicho shahidi, na ukikiangalia vizuri kinakutajia mkosaji.

Tuanze na la kwanza. Waya ulioungua mwishoni tu, pale unapoingia kwenye plagi, haukuzidiwa na mzigo. Ungezidiwa, ungepata moto urefu wake wote, maana ampea zinazopita mwanzoni ndizo zilezile zinazopita katikati na mwishoni. Moto ulitoka kwenye kiungo. Nyuma ya alteneta ya Lucas ya wakati ule kuna ndimi bapa za shaba zinazoingia kwenye plagi ya plastiki: kubwa za umeme mkuu na ndogo ya taa ya chaji. Kwa miaka zaidi ya 40 ya kutikisika kwenye barabara za vumbi, vibanio vya ndani ya plagi hulegea, shaba hupata kutu ya kijani, na pale umeme ulipokuwa unapita kwa upana sasa unapita kwenye nukta mbili tatu. Upinzani wa hapo unaweza kuwa mdogo sana, tuseme sehemu moja ya kumi ya omu. Lakini joto hupanda kwa mraba wa ampea. Ampea 30 mara 30 ni 900, mara 0.1 unapata wati 90. Pasi ya kawaida ya kulehemu huwa na wati 40 au 60. Kwa hiyo ndani ya kile kiplagi cha plastiki ulikuwa unaendesha na pasi ya kulehemu iliyowashwa, na zaidi.

Ile taa iliyokuwa inawaka kwa mbali ilikuwa inakwambia hivyo hivyo. Balbu ya chaji hukaa katikati ya pande mbili. Upande mmoja unapata umeme wa betri kupitia swichi ya ufunguo, upande wa pili unapata umeme wa alteneta kupitia waya wa kahawia wenye mstari wa njano. Volti za pande zote mbili zikilingana, hakuna kinachopita kwenye balbu, taa inazima. Kiungo kibovu kikila volti moja au mbili njiani, alteneta inakuwa juu na betri chini, na ile tofauti ndogo inaipa balbu uhai kidogo, mwanga wa kaa la moto. Alteneta iliyokufa huwasha taa hiyo ikang'aa. Yako ilikuwa inawaka kwa mbali tu, maana yake alteneta ilikuwa inazalisha vizuri na umeme ulikuwa unakwama njiani.

Sasa unaona ninakoelekea. Lucas yako huenda ilikuwa nzima kabisa. Kamrudie fundi kwa upole umuulize ile alteneta ya zamani iko wapi, kabla haijapimwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ampea 34, ambazo ndizo Lucas 16ACR ya gari hilo hutoa, zinalitosha gari lisilo na winchi wala friji. Hesabu mwenyewe: taa kubwa mbili hula kama ampea 10, koili ya plagi kama 4, waipa kama 3, taa ndogo na za nyuma mbili au tatu. Hufiki hata 25. Waingereza wenyewe wana mzaha wao wa kumwita Joseph Lucas, mwanzilishi wa kampuni hiyo, mwanamfalme wa giza, na mafundi wa huku wameurithi bila kuuliza. Mimi nimefungua nyingi, na mara nyingi ninachokuta kimekufa ni kiungo, brashi au katauti, yaani kidhibiti cha volti. Mashine yenyewe ni ngumu.

Moto wa pili una mnyororo mrefu kidogo, na ulianzia mbali na ule waya.

Betri kulala baada ya siku mbili halikuwa bahati mbaya. Series III haina kompyuta, wala haina kitu cha kula umeme ufunguo ukiwa mfukoni. Ukizima kila kitu na kufunga mita ya ampea mfululizo kwenye tamino ya hasi, inatakiwa isome karibu na sifuri. Likiwa linanyonya, kuna kitu kimefungwa vibaya, na katika gari ambalo limebadilishiwa alteneta siku za karibuni ninashuku plagi ndogo ya Toyota kabla ya kitu kingine. Ile plagi huwa na waya tatu, zimeandikwa IG, S na L. IG inatakiwa ipate umeme pale tu ufunguo unapowashwa. S huenda kwenye chanya ya betri, ndilo jicho la katauti la kuangalia volti zilizofika. L huenda kwenye taa ya chaji. Fundi mwenye haraka huikunja IG na S pamoja akazifunga zote kwenye nati kubwa ya nyuma. Gari litawaka, litachaji, na kila mtu atafurahi. Tatizo ni kwamba katauti haitalala tena. Usiku kucha inapeleka umeme kwenye rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, ya alteneta iliyosimama, na baada ya siku mbili betri imekauka. Angalia yako. Sitashangaa ukikuta waya mbili zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi.

Betri tupu ni mlafi. Mkaliwasha gari kwa betri ya jirani, mkaondoa nyaya zake, na papo hapo kazi yote ya kuijaza betri yenu ikaiangukia alteneta. Taa kubwa zimewashwa, gari linapanda kwa gia nzito, injini inazunguka juu, upepo wa mbele ni mdogo. Alteneta ya ampea 60 katika hali hiyo hutoa karibu kila ilichonacho. Tuseme 50 kwa kuihurumia: 10 za taa, nyingine zote zinakimbilia betri. Waya wa soketi za nyumbani ni wa milimita 2.5 za mraba. Kila mita moja ya shaba ya unene huo ina upinzani wa omu 0.007. Ampea 50 mara 50 mara 0.007, unapata zaidi ya wati 17 za joto kwa kila mita, ndani ya fungu la waya lililofungwa tepu, karibu na injini ya moto. Na plastiki ya waya huo imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70, joto ambalo hewa ya chini ya boneti mlimani inaweza kulisogelea bila msaada wa mtu. Ndiyo sababu ukalainika wote toka kichwa hadi mkia. Huo ndio uso wa waya uliozidiwa.

Kuna sura ya tatu uijue, ingawa sidhani ndiyo yako: waya unaokatika au kuungua katikati, mahali pamoja, penye alama ya kukwaruzwa. Hiyo ni shoti, waya umesugua bodi au mabano mpaka shaba ikagusa chuma. Na kama mliunganisha betri ya jirani kichwa chini, chanya kwa hasi, diodi za alteneta, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, hugeuka njia wazi na waya huungua wote kwa sekunde chache. Umesema mlisafiri kwanza ndipo moshi ukatoka, kwa hiyo hilo naliondoa.

Kabla ya kumwamini mtu kwamba alteneta imekufa, ipime. Chomoa kwanza tamino ya hasi ya betri, kisha waya wote wa alteneta. Weka mita kwenye alama ya diodi, pima kati ya nati kubwa ya umeme na bodi ya alteneta, halafu geuza ncha. Upande mmoja isome takriban kati ya volti 0.8 na 1, upande wa pili isionyeshe njia. Ikipitisha pande zote mbili, diodi zimekwenda. Kama iko sawa, subiri uvute waya mpya ndipo uipime ikifanya kazi. Ikichaji, betri isome kati ya 13.8 na 14.4, na ikivuka 15 katauti imeharibika na itaichemsha betri. Halafu geuza mita iwe ya umeme wa AC, upime palepale injini ikiwaka na taa zimewashwa. Diodi nzima huacha mabaki madogo, chini ya volti 0.1. Ukikuta 0.5 na zaidi, kuna diodi iliyokufa hata kama chaji inaonekana nzuri.

Na nakuomba, fundi akitaka kuijaribu kwa kuchomoa tamino ya betri huku injini inaunguruma, mshike mkono. Najua tumelelewa hivyo gereji. Kwenye dainamo za zamani ulikuwa unasamehewa. Kwenye alteneta, betri ndiyo inayomeza mawimbi ya ghafla ya volti, na ukiitoa ghafla mawimbi hayo yanaingia kwenye diodi na katauti. Nimewahi kuiua alteneta nzima kwa mtindo huo mbele ya mwenye gari, nikamwambia ilikuwa mbovu. Ilinichukua miaka kukiri.

Sasa matengenezo. Lifungue fungu lote la waya, toka kwenye alteneta hadi kwenye solenoidi ya stata (swichi kubwa inayoipa stata umeme) na hadi linapoingia dashibodi. Hapa usione uvivu. Waya ulioyeyuka umegandana na wenzake, na ule wa kahawia wenye mstari wa njano ukigusana na wa kahawia mtupu utapata kunyonywa kwa betri kusikoisha. Chuna kila waya uliokuwa jirani. Shaba ikiwa nyeusi au ya zambarau ndani, rudi nyuma ukikata mpaka uikute inang'aa. Shaba iliyopikwa haishiki kiungo, na ukiibana leo utarudi mwezi ujao.

Usiurudishe waya mkuu katika njia ileile. Vuta kebo mpya ya gari, ya nyuzinyuzi, kutoka nati kubwa ya alteneta moja kwa moja hadi kwenye chanya ya betri au kwenye nati ya solenoidi inayopokea kebo ya betri. Ukibaki na Toyota ya ampea 60, weka ya milimita 16 za mraba. Ukiirudisha Lucas, milimita 10 ni nyingi kuliko inavyohitaji na hutajuta. Waya wa nyumbani wenye shaba moja ngumu usiutumie popote kwenye gari, hata kwa taa ya ndani: mtikisiko huukata kama unavyokata waya wa binding kwa kuukunja na kuukunjua. Kebo ipitishe mbali na manifoldi ya ekzosi, ifunge kila baada ya shubiri moja na nusu, na kila inapopita kwenye tundu la bati weka raba. Kipande cha zamani kikate pande zote mbili ukizibe. Kisiachwe kimeunganishwa sambamba na kipya eti kisaidie.

Vichwa vya kebo vibanwe kwa koleo lake, lile lenye meno ya pembe sita, kisha vaa mpira unaonywea kwa moto. Najua wengi hupenda kulehemu. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo kiungo kikianza kupata moto lehemu inakukimbia siku unayoihitaji, na pale inapoishia ndani ya waya panakuwa pagumu na kuvunjika. Ukiirudisha Lucas, nunua plagi mpya pamoja na vibanio vyake vya shaba vya milimita 9.5, na uzisugue ndimi za alteneta zing'ae. Plagi ya zamani usiifufue hata kama inaonekana inafaa. Shaba iliyopashwa moto imepoteza ukakamavu wake wa kubana.

Halafu fyuzi. Waingereza wa miaka ile hawakuweka fyuzi kwenye waya za kahawia, ndiyo maana moshi wako haukuwa na wa kuuzuia. Weka fyuzi ya bolti ya ampea 80 kwa hiyo kebo ya milimita 16, au ya 50 kwa Lucas na kebo ya 10, na uiweke upande wa betri, ndani ya shubiri moja kutoka kwenye tamino. Watu huiweka upande wa alteneta wakidhani hatari inatoka huko. Alteneta ina kikomo chake, 60 ni 60. Betri ikipata shoti inatoa mamia ya ampea bila kuuliza, na ukizima ufunguo waya wa kahawia unabaki na umeme vilevile. Kwa sababu hiyo hiyo, funga swichi ya kukata betri mahali unapoifikia bila kufungua boneti, na mtungi mdogo wa unga wa kuzimia moto chini ya kiti.

IG ya Toyota iunganishe na umeme wa swichi ya ufunguo, waya mweupe, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 10. S iende kwenye betri na fyuzi yake. L iende kwenye ule wa kahawia na njano. Balbu ya taa ya chaji isikose, maana ndiyo inayoiamsha alteneta ya Lucas kila unapowasha gari. Likipimwa ampea usiku likasoma karibu na sifuri, hilo la betri kulala umelimaliza.

Nilitaka kuishia hapo, lakini gari lako ni Land Rover na siwezi kuacha kutaja ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi na chesisi. Bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma, na vyuma hivi viwili vikikutana na unyevu vinakulana. Injini nayo imekaa juu ya raba, haigusi chesisi. Kinachoiunganisha ni mkanda mmoja wa shaba iliyosukwa, na mara nyingi umekatika au umefungwa juu ya rangi. Ukishika waya wa choki baada ya kupiga stata ukaukuta wa moto, umeme wa stata umekosa njia na unapita huko. Fungua ncha zote mbili, sugua hadi chuma cheupe, funga, pakaa grisi juu. Mabano ya alteneta nayo, kama fundi aliyapaka rangi, yasugue pale yanapogusa.

Ukimaliza, washa gari, washa taa kubwa, kanyaga mafuta kiasi. Ncha moja ya mita kwenye nati ya alteneta, nyingine kwenye chanya ya betri: isizidi volti 0.3. Kisha bodi ya alteneta na hasi ya betri: isizidi 0.2. Ikizidi, usitafute alteneta, sogeza ncha ya mita kiungo kwa kiungo mpaka uone volti zinapodondokea. Endesha dakika 20, zima, fungua boneti ukaviguse viungo vyote kwa kidole, fyuzi na vichwa vya kebo. Injini itakuwa ya moto, lakini kiungo kisiwe cha moto kuliko kebo iliyo kando yake. Na kabla ya kupandisha Marangu tena, betri ijazwe kwa chaja usiku mzima, ili alteneta ianze safari ikiwa na mzigo wake wa kawaida tu.

Ukiipata ile Lucas, nitumie namba iliyogongwa kwenye bodi yake nikwambie kama brashi zake bado zinapatikana.